Bingwa Aliyehamia Magari ya Kugongana

Ndani ya basi la kwenda Tottenham, London, kiti cha mbele yangu, Mpemba mmoja mwenye sare ya watunza wagonjwa alikuwa akimsomea mwenzake gazeti: bingwa wa mbio za magari yenye matairi nje kahamia Marekani, kwenye yale yenye bodi iliyofunika matairi kama teksi, na kamaliza wa mwisho.

"Kajishusha, hakimu," mwenzake akacheka.

"Hajajishusha. Kule matairi yakigusana tu, ajali. Huku wanagongana mbavu na mbio zinaendelea. Anajifunza kugongwa." Akapandisha mkono wa sare, zikaonekana alama za meno. "Pemba nilikuwa nikiingia mahakamani watu wote wanasimama. Jana mgonjwa kaning'ata, nikamaliza kumvisha soksi."

Hakimu alipoinuka kushuka, nami nikajikuta nimesimama, ingawa kituo changu kilikuwa bado mbali.