Namba Aliyoandika Selpha

Shemeji yangu Selpha alikuwa mfagiaji hospitalini Kisumu, na mtu akichomwa sindano, yeye ndiye aliyemshika mkono. Mwaka 1996 Daktari Walter alileta mashine ya mwanga. Ndani ya sindano yake mlikuwa na uzi wa kioo. Ikiingia kwenye uvimbe ilimulika nyama, ikapima mwanga unaorudi, ikatoa namba. Kisha kipande kilikatwa kupelekwa maabara. Selpha alipewa kazi ya kuandika namba hizo daftarini. Maana yake hakuambiwa. "Wewe andika tu, Mama," daktari alimwambia, naye maskini akatamba mtaani Nyalenda kote.

Ndiye aliyemleta Beldina, mke mwenza wake, kutoka Bondo, akiwa na uvimbe kwenye titi. Walikuwa wamenuniana miaka minane, wakapatana siku tulipomzika kaka yangu, mume wao.

"Nyieka, mke mwenzangu, hiyo taa haitanichoma?" Beldina aliuliza.

"Haichomi. Si mimi niko hapo?"

Na kweli alikuwapo. Kwa mkono mmoja alimshika mwenzake, kwa mwingine akaandika 3.8.

Maabara ilisema kipande ni kizima, Beldina akarudi kupalilia mahindi. Mwaka uliofuata alikufa, titi limeoza. Matangani watu hawakumung'unya maneno: Selpha amempeleka mwenzake akachomwe taa, mke mwenza ni mke mwenza tu. Mimi nilinyamaza, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Miezi michache baadaye daktari aliwaeleza wageni wake matokeo, Selpha akiwamiminia chai. Chini ya mbili, nyama nzima. Tatu kwenda juu, kansa. Mara nyingine sindano ilikata kipande pembeni mwa kansa, maabara ikaikosa, lakini mwanga ulikuwa umeiona. Selpha alingoja wageni watoke.

"Daktari, Beldina alikuwa tatu nukta nane. Hii maana ulijua lini?"

"Tangu mwanzo, Mama. Lakini hiyo ni research. Tulikubaliana hakuna mtu anaangalia namba mpaka tumalize."

"Mimi nilikuwa naangalia kila siku."

"Wewe hukujua maana."

"Ndiyo maana ukanichagua mimi."

Daktari akainama kukusanya karatasi zake. Nilimwamini yule mtu. Nilikuwa nikimwombea kanisani kwa jina.

Jumamosi nilimpeleka Selpha nyumbani kwetu Bondo ajisafishe jina. Alieleza yote, hakulia. Nilidhani watamwelewa. Mama yangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Na hiyo namba, nani aliandika?"

"Mimi," Selpha akasema.