Mtutu wa Bunduki ya Mama

Jana, katika duka la fundi cherehani huku Mji wa Kale, nilinusa mafuta ya mashine, nikamkumbuka mama akiwa ameiinamia bunduki.

Mama alikuwa polisi bandarini Kilindini. Siku hiyo nilitoka shule nikapitia kambini kumngojea, nikamkuta uani, nje ya ghala la silaha. Kesho yake kulikuwa na mashindano ya kulenga shabaha, na yeye ndiye aliyekuwa mwanamke pekee. Alikuwa amepewa bunduki ambayo wanaume wote waliikataa.

"Koplo, hiyo imechakaa," sajini alimwambia.

"Haijachakaa, afande. Ni chafu tu."

Masizi ya baruti yalikuwa yamegandamana ndani ya mtutu kama ukoko chini ya sufuria. Mama aliutia mafuta, akauacha ulowe, kisha akausugua kwa burashi ya shaba huku jasho likimtiririka shingoni. Kila kitambaa alichokipitisha kilitoka cheusi. Alirudia na kurudia bila kulalamika, mpaka kimoja kikatoka cheupe.

"Njoo uchungulie, mwanangu."

Ndani mlikuwa mnang'aa, na mifereji myembamba ilizunguka hadi kwenye kiduara cha mwanga.

Kesho yake nilisimama nyuma ya kamba pamoja na watoto wengine waliokuja kutazama. Risasi zote za mama ziliingia katikati ya shabaha. Sajini ndiye aliyeanza kupiga makofi.

"Nani yule?" mtoto mmoja akauliza.

"Mama yangu," nilisema, kwa sauti iliyowafikia hata waliosimama mbali.