Namba Niliyoipeleka Polisi

Simu ya mama ilipotea gulioni Kagoma, na mimi, mwalimu mwenye vyeti ukutani, nikajitwika kazi ya kuitafuta. Yenyewe haikuwa ya maana sana, kioo kilishapasuka. Lakini ndani yake kulikuwa na sauti ya baba. Kabla hajafariki alijirekodi akiwa kitandani hospitali, akimwelekeza mama migomba ipi ikatwe na ipi iachwe, na mama aliisikiliza kila asubuhi kabla ya kuingia kibanjani, kwenye migomba yake. Nakala nyingine haikuwepo. Mara ngapi aliniomba niihamishie kwenye simu yangu! Nikawa namwambia, Krismasi.

Fundi wa simu pale Miembeni aliniambia kila simu ina namba yake ya utambulisho, tarakimu kumi na tano, na polisi wataidai.

"Angalia kwenye boksi," alisema.

Boksi mama alishawashia moto.

"Basi piga nyota, reli, sifuri, sita, reli. Itakuja yenyewe."

Nilitaka kumuuliza nitaibonyezaje simu ambayo sinayo, lakini dukani watu walikuwa wengi, nami sipendi kuonekana mjinga. Nikashukuru, nikaondoka.

Nyumbani Buhembe akili ikanijia, au nilidhani ni akili. Nilikuwa nimeshamchukulia mama laini mpya, kwa namba ile ile ya zamani, nami bado nilikuwa nayo. Nikatoa laini yangu, nikaweka yake kwenye simu yangu, nikabonyeza. Zikatokea namba mbili. Mbili za nini, na mama alikuwa na simu moja? Nilizitazama mpaka macho yakaniuma. Mwishowe nikaziandika zote, nikazipeleka polisi, kisha karatasi yao nikaipeleka kwa watu wa mtandao ili simu ifungwe. Mwizi akikosa mtandao, niliwaza, atakimbilia kwa fundi, na mafundi wote nimeshawaambia.

Kesho yake simu yangu ikakosa mtandao. Nililaumu mnara. Nikalaumu mvua. Nikaipuliza laini, nikaifuta kwa shati, nikanunua nyingine mpya, hola. Baada ya wiki nzima nikarudi Miembeni. Fundi akabonyeza reli zake, akaiomba ile karatasi ya polisi, akaviweka sambamba mezani.

"Mwalimu, umejishtaki mwenyewe. Hii namba ni ya simu, siyo ya laini. Simu yako ni ya laini mbili, ndiyo maana zimekuja mbili. Zote ni zako."

Akanieleza mara tatu, nami nikaitikia mara tatu bila kuelewa. Laini ina namba, simu ina namba, laini inakaa ndani ya simu lakini namba zao hazijuani. Nani aliyeyapanga mambo haya? Nilitoka pale nimekasirika, wala sijui nimemkasirikia nani.

Jumapili nikaenda kwa mama Kagoma. Mama alikuwa ameshaomba tangazo litolewe kanisani baada ya misa, na mchana huo huo akaja mama mmoja muuza maharage, simu ameifunga kwenye leso. Aliiokota gulioni siku ile ile ilipopotea.

"Nilipiga kwa simu yangu ile namba iliyoandikwa Mwanangu," alisema. "Wiki nzima napiga, haipatikani."

Mimi nilikuwa nimekaa palepale, namtazama.

"Nikaona niwasubiri. Nikaipeleka kwa fundi akaisafisha, nje na ndani. Chombo cha mtu hakirudishwi kichafu."

Aliyasema hayo kwa furaha kabisa. Nikaiwasha simu. Ilikuwa imesafishwa kweli, hata lile jina la Mwanangu halikuwemo. Mama alinisoma usoni, akaelewa.

"Wakola waitu," akamshukuru mgeni. Akampa mkungu mzima wa ebitoke, akamsindikiza mpaka barabarani wakizungumzia bei ya maharage. Habari ya sauti hakumtajia.

Aliporudi nilimweleza yote, reli na karatasi na ujuaji wangu. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alisema tangu simu ipotee maneno ya baba yameanza kumchanganyikia. Akaniuliza kama mimi nakumbuka taata alianzaje: alimtaja yeye kwanza, au alianza moja kwa moja na migomba?

Ile sauti sikuwahi kuisikiliza.