Nyangumi Kwenye Sanduku la Udi

Naanza na la moyoni: kaka yangu sijamsamehe. Tunasali msikiti mmoja hapa Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, tunapeana mikono, naye ananiuliza hali ya mama kana kwamba hakuna kilichotokea. Najibu hajambo, naenda zangu.

Mimi ni dereva. Mwaka jana nilipangiwa kumwendesha mzee mmoja, fundi mkuu wa kuchonga, Mtlingiti, wa kabila la pwani ya Alaska, huko Amerika kwenye baridi. Alikuja Doha kuchonga nguzo ndefu mbele ya watazamaji, ndani ya hema lenye viyoyozi nje ya jumba la maonyesho. Gogo lenyewe lilikuwa la mwerezi mwekundu, na harufu yake iliganda kwenye nguo mpaka kesho yake. Kazi yangu ilikuwa kumleta asubuhi na kumrudisha hotelini jioni, basi. Lakini nimezaliwa nyumba ya wachonga milango Unguja. Nikiona tezo, kishoka cha kuchongea, inafanya kazi, miguu haiondoki. Siku ya tatu mzee aligeuka akanikuta nyuma yake, akanipa tezo. Nikapiga. Akalitazama pigo, akacheka, akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia, baba.

Toka siku ile nikawa nachimba mgongo wa nguzo, upande usioonekana. Aliniambia kwao anayefanya kazi hutajwa mbele ya watu siku nguzo inaposimamishwa, na mimi atanitaja. Baba alichonga milango maisha yake yote, na leo hakuna mtu mjini anayejua upi ni wake. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Jambo moja mzee alilikazia. Katikati ya nguzo palikuwa na nyangumi mwenye pezi refu, na nyangumi yule ni alama ya ukoo. Si ukoo wake. Watu wake wana pande mbili, wa Kunguru na wa Tai, na upande mmoja ndio huwachongea wa pili. Yeye ni wa Kunguru. Nyangumi ni wa ukoo mmoja wa upande wa Tai, nao walimruhusu amchonge kwenye nguzo hii tu, mbele ya mashahidi. "Siwezi kumchonga hata kwenye kijiko changu mwenyewe," alisema. Kwetu ua la yungiyungi kwenye mlango ni la kila fundi, kwa hiyo nilimwomba arudie mpaka likaniingia.

Kaka yangu ni seremala, ana karakana ndogo mtaa wa Najma, anatengeneza masanduku ya kuwekea udi. Nilimpeleka hemani makusudi, nijivunie. Mzee akamweleza habari za nyangumi, nami nikatafsiri yote bila kuacha kitu, maana kaka Kiingereza hajui. Akaitikia, "Naam, naam, n'mefahamu." Siku ile mzee aliniruhusu kupiga picha moja ya yule nyangumi, ya kumtumia mama. Nikamtumia.

Wiki chache baadaye nilipita Najma kumsalimia. Kwenye rafu palikuwa na safu ya masanduku mapya, na kila kifuniko kina nyangumi wake. Pezi, meno, jicho, hakukosea hata mkunjo. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu, na hilo liliniuma zaidi. Picha aliiomba kwa mama. Mama angemnyima kwa nini?

"Nakshi tu hii, bwana," akasema. "Nani wa Alaska atakuja Najma?"

"Si ulielezwa?"

"Nilielezwa, ndiyo. Mbona mkali hivyo?"

"Nilielezwa." Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake, huku anapiga msasa.

Kesho yake nikamwambia mzee tukiwa garini, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Tulipofika akasema, mlete.

Kaka alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akasimama mbele ya nguzo. Mzee akamuuliza, kupitia kwangu, kwa nini amefanya vile. Kaka hakumtazama mzee. Alinitazama mimi.

"Mwambie mie sikujua. Mwambie hayo ya ukoo hukunitafsiria, ulinambia pambo tu."

"Kaka!"

"Mwambie, bwana, anangoja. Kafili wangu akisikia nimeiba nakshi za watu anafuta kibali changu, ananirudisha nyumbani. Mama ataishi vipi?"

Ningeweza kusema lolote. Baina yao hapakuwa na wa kunisahihisha. Ningeweza kusema, huyu ni mwongo. Nilimfikiria mama, nikasema kwa Kiingereza changu safi kwamba kaka yangu hakujua, kwamba mimi ndiye sikumweleza.

Mzee akanigeukia. "Nilikuamini umwambie yote," akasema. Akaichukua ile tezo niliyozoea kuitumia, akaifungia kwenye sanduku lake. Akaniambia siku ya kusimamisha nguzo nibaki garini.

Kisha akamgeukia kaka, akampa mkono. "Mwambie namshukuru kwa kusema kweli. Awafute wale nyangumi kwa randa, yaishe."

Nikatafsiri. Kaka akaupokea mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Mwambie nashukuru sana," akasema.

Nikamwambia.