Siku Spika Ilipotaja Bei ya Kununulia

Nichekeni sasa hivi tumalize, maana mkianza kucheka katikati nitanyamaza. Mimi ndiye niliyemwaibisha shangazi yangu Mwanaidi dukani kwake Kariakoo, mchana kweupe, mbele ya akina mama saba kutoka Magomeni.

Shangazi anauza vitenge na macho yake hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo nikamtengenezea programu inayoingia kwenye tovuti za wauzaji wa jumla, inachambua kurasa, halafu inamsomea bei kwa sauti. Ningeweza kuiandika kistaarabu: mchakato mmoja tu, yaani kazi moja ndani ya kompyuta, kurasa zinapokezana zamu, huyu akisubiri mtandao mwenzake anaendelea. Lakini mimi na ujuaji wangu (nilitaka kasi, jamani) nikaipa kila tovuti mchakato wake wa kujitegemea. Michakato kumi na miwili!

Nikabonyeza kompyuta ya mapajani kuijaribu tu, wakati Shangazi anapatana na Bi Zuhura, mmoja wa akina mama hao na msimamizi wa sare za harusi, anayetaka doti sitini. Shangazi ndiyo kwanza ameapa, "Wallahi dada yangu, kwa bei hiyo sipati hata mia!" Mara spika ya mlangoni, ile ya kuitia wateja, ambayo nilisahau imeunganishwa na kompyuta hiyo hiyo, ikanguruma: "Kitenge cha nta. Bei ya jumla. Elfu nane."

Shangazi alikuwa ametaja elfu kumi na sita.

Nikaifunga programu haraka. Kumbe nimemfunga mama tu, yaani programu kuu; watoto wake, ile michakato kumi na miwili, wanaendelea na shughuli zao, wote wanataja bei kwa mpigo, na kompyuta imelemewa hata mshale haujongei, na wapita njia wanasimama kusikiliza, na mimi jasho linanitoka, natamani ardhi inimeze.

"Zima!"

"Haizimiki, Shangazi!"

"Mwanangu," akasema Bi Zuhura bila haraka yoyote, "swichi ya spika si hiyo hapo ukutani?"

Nikazima. Bi Zuhura akavuta kiti, akakaa. "Haya Mwanaidi, tuanze upya." Doti sitini zikaondoka kwa faida ya kununulia vocha.

Programu nimeiandika upya, mchakato mmoja, zamu kwa zamu, ukifunga imefunga, na naapa sitajaribu tena kitu duka likiwa na wateja. Shangazi anasema amenisamehe, ingawa shikamoo yangu anaiitikia kwa kichwa. Bi Zuhura yeye amenipigia mara mbili: anakwenda kununua mapazia, anauliza kama Jumamosi naweza kumsindikiza na ile kompyuta.