Walivyompumzisha Guku

Mafuta ya mbegu za pamba yakianza kupata moto kwenye sufuria hutoa harufu nzito, kama ya karanga zilizosahaulika juani. Wanangu huikimbia. Mimi huinama juu ya jiko nikaivuta kama mtu anayejifukiza, kwa sababu ndiyo harufu ya babu yangu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Kahama, na harufu ile ilikuwa imemwingia kwenye koti, kwenye kofia, nadhani hadi kwenye mifupa. Hata Jumapili kanisani, ameoga na kujipaka mafuta mazuri, ungefumba macho na bado ungejua amekaa benchi gani.

Tulimwita Guku, ndiyo babu kwa Kisukuma. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mdogo kiasi kwamba kazi yangu kubwa pale nyumbani ilikuwa kufukuza kuku. Tuliishi pamoja: Guku, Bibi, wazazi wangu na sisi watoto. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kunyoosha kola na kunyoosha watu. Guku alipokuwa kijana alishindilia pamba kwenye mashine ya kubana marobota. Nguvu zilipopungua wakampa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, akawa anashona majoho ya marobota hayo. Alikuwa akisema marobota nayo ni watu, usiyapeleke safari uchi.

Jioni moja Baba alirudi, akavua viatu, akamwambia Bibi kwa sauti ya chini, "Mwisho wa mwezi Mzee anapumzishwa."

Bibi alishika shavu. "Bora," akasema. "Mikono yenyewe siku hizi inatetemeka."

Mimi nilikuwa pembeni napembua choroko, na ungo ukanitoka mikononi. Ndugu msomaji, nielewe. Muda si mrefu kabla ya hapo tulikuwa tumemzika jirani yetu, na nilikuwa nimesimama karibu kabisa na lile shimo. Padri alisema, "Leo tunampumzisha mama yetu," kisha wakamteremsha. Kwangu neno hilo halikuwa na maana nyingine. Kilichonishangaza ni kwamba Guku hakuwa mgonjwa, na kwamba watu wanaompenda walikuwa wanapanga jambo lile huku wakisubiri ugali uive.

Tangu siku hiyo nilichunguza kila kitu, na kila kitu kilithibitisha. Bibi alifua shati jeupe la Guku na kulipiga pasi ya mkaa, shati ambalo hakuwahi kulivaa siku ya kazi. Ndugu walifika kutoka Ushirombo wakiwa na mbuzi. Majirani walipita kusalimia, wengine wakimwambia Guku "pole," wengine "hongera," na mmoja akamwambia yote mawili kwa mpigo. Na Guku mwenyewe? Asubuhi alipanda baiskeli yake akienda kiwandani, anapiga mluzi. Nikajua hawajamwambia.

Nikaona ni lazima nimwambie mimi. Nilimkuta anaosha miguu nyuma ya nyumba.

"Guku, unajua kwamba watakupumzisha?"

"Najua, mjukuu wangu."

"Unaumwa?"

"Siumwi popote."

"Sasa kwa nini?"

Alimimina maji yaliyobaki. "Hata mimi sielewi vizuri," akasema. "Wanasema umri umefika. Mimi nilidhani umri ni wangu."

Nililia usiku ule hadi nikalala. Hofu yenyewe ilikuwa kubwa, lakini mbaya zaidi ni kule kuona kwamba amekubali.

Siku ilipofika tulikwenda wote kiwandani. Wafanyakazi walisimama mbele ya ghala, nywele zao nyeupe kwa vumbi la pamba hata vijana wakaonekana wazee. Meneja alitoa hotuba ndefu. Sikumbuki mengi, ila alisema mzee wetu ametumika vya kutosha na sasa tunampumzisha, na watu wakapiga makofi. Kisha zikaletwa zawadi. Ya kwanza ilikuwa kiti cha uvivu, kile cha turubai cha kujilaza. Ya pili ilikuwa blanketi jipya. Meneja alilikunjua, akamfunika nalo Guku mabegani, na mimi nilipoona wameanza kumfunika sikuweza kuvumilia.

"Msimfunike!" nikapiga kelele. "Bado anapumua!"

Kicheko kilichofuata sijakisahau. Walicheka wachambuzi, wakacheka wapagazi, meneja akafuta machozi kwa leso. Baba alinishika mkono kwa nguvu, na yeye pia alikuwa anacheka. Guku peke yake hakucheka. Alijivua lile blanketi, akalikunja vizuri na kuliweka kwapani.

Njiani Baba alinieleza kwamba kupumzishwa kazi si kuzikwa, ni kukaa nyumbani, kula vizuri na kutosumbuliwa. Nilifurahi sana. Lakini furaha hiyo haikutulia, maana kama ni jambo zuri hivyo, kwa nini hakuna aliyemuuliza mwenyewe kama analitaka?

Jumatatu king'ora cha kiwanda kililia kama kawaida. Guku aliamka, akavaa, akatoa baiskeli hadi mlangoni, ndipo akakumbuka. Akairudisha. Mimi nilikuwa na hakika kwamba kiwanda hakitawaka bila yeye, na nilisimama uani nikisubiri kimya kitande. Mashine zikaanza kunguruma kama siku zote. Guku naye alikuwa amesimama anasikiliza. Sijui yeye alitegemea nini.

Nyumbani tulimpumzisha kwelikweli. Akishika jembe, Mama alilipokea kwa magoti: "Pumzika, Baba." Akienda kufungua mbuzi, kaka zangu walikimbia kumtangulia. Akitaka kujichotea maji ya kunywa, kikombe kilimfikia kabla hajainuka. Kila kitu tulifanya kwa heshima na kwa upendo, nami nilikuwa hodari kuliko wote. Kile kiti cha uvivu kiliwekwa barazani na Guku akawekwa juu yake. Nilijiuliza walikuwa na maana gani kumpa kiti chenye jina hilo mtu ambaye sijamwona mvivu hata siku moja.

Na hapo ndipo alipoanza kuzeeka. Alilala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliniita kwa jina la shangazi yangu. Kijiko kilitikisika mkononi hadi uji ukamwagikia ndevu. Baba akasema, "Mnaona? Afadhali walimpumzisha mapema." Sikuelewa. Mwezi uliopita mtu huyuhuyu alipanda baiskeli akipiga mluzi.

Halafu, bila sababu yoyote tuliyoijua, akachangamka. Akimaliza uji wa asubuhi alichukua fimbo na kutoka, "kunyoosha miguu," na kurudi mchana akiwa na njaa ya mchimbaji. Usiku alikoroma kama zamani. Watu hawakuchelewa kugundua kwamba miguu hiyo ilinyooshwa uani kwa Mama Zaituni, mjane kutoka Tabora aliyekuwa akiuza mchele upande wa pili wa barabara. Wakaanza kuchekea viganjani. "Ng'ombe hazeeki maini," nilimsikia jirani mmoja akisema, nami nikadhani wanazungumzia nyama.

Bibi alitwanga tu, na mchi wake ulisikika hadi barabarani. Siku moja akanituma nikamwombe Mama Zaituni chumvi, na chumvi ilikuwepo nyumbani, kibuyu kizima.

Nilimkuta Guku amekaa juu ya debe lililopinduliwa, amezungukwa na magunia yaliyochanika, shazia ameiuma kwa meno. Mikono ilikuwa bado inatetemeka. Lakini nilipomtazama niliona anausubiri ule mtetemeko, unakuja, unapita, kisha anachoma. Alikwenda polepole sana.

"Mzee, mshono huo umepinda!" Mama Zaituni alimfokea kutoka kwenye mizani.

"Wewe pima mchele wako," Guku akamjibu, "mishono niachie mwenyewe."

"Mchele wangu ukimwagika njiani kule Tinde utakwenda kuuokota?"

Guku akacheka hadi shazia ikamdondoka.

Nilirudi na chumvi, nikatoa ripoti yangu kwa Bibi. "Anashona magunia."

"Na nini kingine?"

"Wanagombana."

"Wanagombana?" Bibi aliweka mchi chini. "Na anacheka?"

"Anacheka sana."

Nilidhani nimemtua mzigo. Badala yake uso wake ulikunjamana kabisa, na jioni ile aliunguza mboga.

Habari zilimfikia Baba, naye akaumia kwa namna yake. Alikaa mbele ya Guku, akainamisha kichwa. "Baba, nakuomba. Watu watasema watoto wako tumeshindwa kukulisha. Usishone magunia ya watu. Pumzika."

Guku alisema, "Sawa, mwanangu." Hakubishana. Akarudi kwenye kiti chake, na baada ya siku chache uji ukaanza tena kumwagikia ndevu. Safari hii akaacha hata kuufuta. Niliogopa kama nilivyoogopa siku ya blanketi, na sikuwa na wa kumwambia, maana nilikuwa nimeshachekwa mara moja.

Asubuhi moja Bibi alijifunga kitenge kiunoni kwa fundo la kwenda vitani, akavuka barabara. Sisi watoto tukamfuata, tena tukawaita na wenzetu, tusikose ugomvi. Mama Zaituni alimwona, akatua pishi yake ya kupimia.

"Karibu, dada."

"Sikuja kukaa," Bibi akasema, ila kwa lafudhi yake ya Kisukuma ilitoka "kukala." "Kwa nini unamfokea mume wangu?"

"Kwa sababu anapindisha mishono," akajibu Mama Zaituni. "Nisimfokee, kwani ni mgonjwa? Mimi sina wa kunishonea magunia, yeye hana gunia la kushona. Ubaya uko wapi?"

Bibi akauliza, "Yako wapi hayo magunia?"

Walirudi wawili wakiwa na mizigo ya magunia kichwani, Bibi mbele, mjane nyuma, na sisi tukifuata tukiwa tumeshindwa kuelewa kama tumeonyeshwa ugomvi au harusi. Bibi alibwaga mzigo wake miguuni kwa Guku. Baba alikuwa anatoka kwenda shule, akafungua mdomo.

"Wewe mwalimu," Bibi akamwambia, "kafundishe."

Akamgeukia mumewe. "Shona. Na ukipindisha nitakwambia."

Guku aliondoka kwenye kile kiti, akatafuta debe, akaketi. Hazikupita dakika nyingi nikamsikia yeye na Bibi wanagombana juu ya uzi, sauti juu, mmoja akimwita mwenzake kipofu. Bibi alikuwa na machozi, na alikuwa anacheka. Nikajua kwamba watu wazima siwawezi.

Imenichukua hadi kuolewa na kuzeeka na mume wangu mwenyewe ndipo nikaelewa. Majirani walisema Bibi ana wivu, na walisema kweli, ila hawakujua wivu wa nini. Baba alikuwa amemtunza mzee barazani, aliyeshiba na kufunikwa vizuri. Mume wa Bibi, yule mbishi wa kugombana naye asubuhi, alikuwa ng'ambo ya barabara anashona magunia, na mwanamke mwingine ndiye aliyekuwa akimwona.