Fufu Niliyoikataa kwa Wakwe Zangu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo bado naikumbuka kwa sababu ya mayai ya kuchemsha. Nilikuwa kijana, baba wa mtoto mmoja ambaye nilikuwa sijamwona uso. Mke wangu Furaha alikuwa amekwenda kujifungua kwa wazazi wake huko Ntoto, upande wa Walikale, maana mama yake alitaka kumpokea mjukuu wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nilibaki Masisi na viazi vyangu. Mtoto alipopata nguvu ya kubebwa safarini, nikaitwa niende kuwachukua.

Kabla sijaondoka, jambo dogo lilitokea. Nilikuwa nimempeleka jirani mwenye homa kwenye kituo cha afya, na siku hiyo walikuwa wanapima kila aliyepita mlangoni, mgonjwa na mzima. Munganga wa kituo alikuwa mama mfupi asiyecheka ovyo. Alinitoboa kidole, akatazama kipimo chake, akaniambia nirudi kesho yake kabla ya kula kitu. Nikarudi, akanitoboa tena.

"Papa, sukari yako imepanda," alisema. "Haiyafika ugonjwa, lakini iko mu njia. Ukiendelea hivi, itafika."

Akaniuliza nakula nini. Nikamwambia ukweli: fufu, ugali wetu wa muhogo, jioni, na asubuhi pia kama ilibaki, chai yenye sukari nyingi, chupa ya sucré, yaani soda, kila nikiuza viazi vizuri, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kila penye watu. Akasema fufu niipunguze iwe kama ngumi yangu, mboga zijaze sahani, samaki na maharagwe nisiviogope, kasiksi na sucré niachane navyo. Dawa hakunipa. Nilitoka pale nimekasirika kidogo, maana mtu akienda kwa munganga hupenda kurudi na kitu mkononi.

Hata hivyo usipoziba ufa utajenga ukuta, na nilikuwa nimeona jirani mwingine, mgonjwa wa sukari, akijenga ukuta huo na akashindwa. Nikaamua kuziba. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye akili.

Sasa ujue jambo moja kuhusu wakwe zangu. Siku ya kwanza nilipokwenda kumwomba Furaha, baba yake, Papa Bulambo, hakuniuliza mengi. Aliniwekea mlima wa fufu na nyama ya msituni, akaketi pembeni akinitazama. Nikamaliza. Mkewe akaongeza, nikamaliza tena. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Muntu anakula hivi, analima vilevile." Mwanangu, nisikufiche, mke nilimpata kwa tumbo. Mbuzi walifuata baadaye.

Nikafika Ntoto jioni. Ukitoka kwenye baridi yetu ya milimani na kushuka kule kwenye msitu, shati linashika mgongo kabla hujapiga hodi. Nikapewa mtoto, msichana mwenye nywele nyingi, na sikujua hata nimshike vipi. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Mama mkwe, tuliyemwita Mama Furaha kwa jina la binti yake, alikuwa amepika tangu asubuhi. Papa Bulambo naye alileta kibuyu cha kasiksi iliyotengenezwa kwa ajili yangu. Akaionja kwanza mwenyewe mbele ya macho yangu, kama mwenye nyumba afanyavyo kwetu ili mgeni ajue hakuna kibaya ndani. Kisha akanipa.

Nikasema tumbo linanisumbua.

Ningeweza kusema kweli palepale. Lakini nilimtazama yule mzee aliyeniozesha binti yake kwa kuona ninavyokula, nikashindwa. Niliwaza kwamba nikitaja sukari, watajuta kumpa mtoto wao mtu mbovu. Tena ugonjwa wa sukari kwetu ulihesabiwa kuwa wa wakubwa wenye gari, na mimi nilikuwa na jembe. Basi nikala nyama kidogo, nikanawa mikono. Mama Furaha aliitazama fufu yake nzima, akaifunika.

Kesho yake nikabadilisha uongo. Nikasema niko katika maombi, nafunga. Wakwe zangu walikuwa watu wa kanisa, na mtu anayefunga haulizwi sana, kwa hiyo niliona nimepata dawa. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye njia ya mtoni, mahali ambapo jirani mmoja, Mama Zawadi, alikuwa akiuza mayai ya kuchemsha. Mwenye njaa hana miiko. Nikanunua, nikamenya, nikachovya katika chumvi yake, nikala nimesimama, nikaomba mengine. Mayai munganga hakuyakataza.

Fikiri mwenyewe lilivyoonekana jambo hilo. Mgeni anakataa sahani ya mama mkwe. Anakataa kibuyu ambacho baba mkwe amekionja. Halafu anakwenda kula njiani kitu chenye ganda, ambacho mkono wa mtu hauwezi kutia chochote ndani yake. Kwetu maana yake ni moja tu, na kila mtoto anaijua. Mimi nilikuwa nawaza sukari, wao walikuwa wanawaza sumu.

Mama Zawadi hakuwa na nia mbaya. Jioni alipita kwa Mama Furaha kuomba moto, akamtania: "Mukwe wenu anakula mayai yangu kama vile munamunyima chakula!"

Nilikuwa nyuma ya nyumba, nikasikia. Nilisikia pia kwamba hakuna aliyecheka.

Punde Furaha akanijia, macho mekundu, mtoto begani.

"Mama analia," alisema. "Anasema wewe unaona yeye njo mulozi. Na Papa anasema mi na mutoto tutabakia hapa. Hawezi kutuma mutoto wake kwa muntu anaogopa sahani ya mama yake."

"Na wewe unasema nini?"

"Mi niseme nini? Toka ufike, hujakula kitu nimekupa na mukono yangu."

Woga ulinishika, mwanangu, woga wa kweli. Mtoto wangu nilikuwa nimemjua tangu jana tu, na tayari nilikuwa nampoteza kwa ajili ya fufu.

Papa Bulambo akaniita ndani. Kibuyu kilikuwa mezani. Akakionja tena, akakiweka katikati yetu.

"Mukwe, sitakulazimisha," alisema. "Kama unaniogopa, sema hapa mbele yangu. Kama ni kitu ingine, sema pia. Lakini maombi ya kukula mayai, mi sijaonaka mu Biblia."

Nilitaka kucheka, sikuthubutu. Njia rahisi ilikuwa kunywa. Kibuyu kimoja kisingeniua, na mkono wangu ulikwisha kunyooka. Lakini nikaona kwamba nikinywa hapa, kesho kuna kibuyu cha shemeji, keshokutwa cha mchungaji, na Masisi wananisubiri wengine na wengine. Aibu ingeninywesha mpaka ugonjwa ufike. Nikarudisha mkono.

"Papa, munganga amenitoboa kidole," nilisema. "Sukari iko inapanda mu damu. Amenikataza kasiksi, na fufu nikule kidogo tu. Niliona haya kukuambia."

Mzee akakisogeza kibuyu kando.

"Furaha anajua?"

"Hapana."

"Basi sikia," akasema, na hakupaza sauti. "Kukataa chakula haiko kosa. Muntu anaweza kukataa. Lakini ukikataa na kunyamaza, unatuachia sisi kazi ya kutafuta sababu, na sababu tutaona ni ile mubaya. Dalili ya mvua ni mawingu. Muntu akiona mawingu, anatoka inje anaanua muhogo yake, na anaita bantu bamusaidie. Wewe umeona mawingu, unajificha ndani ya nyumba. Muhogo nani ataanua?"

Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nilitegemea anilaumu. Akauliza tu, "Sasa nitamupa nini?"

Nikamtajia: mboga ya lengalenga, samaki wa mtoni, uyoga, ndizi kipande. Uso wake ukaharibika zaidi.

"Ile ni chakula ya wakati tulikimbia mu pori," alisema. "Mukwe anatoka Masisi, nimupe majani bila fufu? Bantu bakipita hapa batasema nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa alikuwa amebeba nini, na alikuwa na haki. Kile kilichofaa damu yangu ndicho kilichomvunjia heshima yeye. Mimi nilikuwa nimefikiri aibu ni yangu peke yangu.

Kesho yake mchana Papa Bulambo alitoa viti viwili, akaviweka mbele ya nyumba vikielekea njia, mahali ambapo kila aendaye shambani lazima apite. Akaniketisha. Mama Furaha akaleta sahani mbili sawasawa: lengalenga tele, samaki, uyoga, kipande kidogo cha ndizi. Sikuwahi kula naye bega kwa bega namna ile, maana ukwe una umbali wake. Na yule mzee, mwanangu, aliipenda fufu kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alitafuna majani yale kama anayemeza kwinini, na kila mpita njia alimwita kwa jina.

"Karibu! Tunakula na mukwe wangu. Munganga amemupunguzia fufu, njo tunakula hivi."

Kabla sahani hazijaisha, Ntoto nzima ilijua sukari yangu. Masikio yaliniwaka. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumficha, yakapoa. Mama Zawadi alipopita na beseni lake, mzee alimsimamisha, akanunua mayai, akayaweka kwenye sahani yangu.

"Kula," akasema. "Leo hufungi."

Walicheka wote. Nikamsikia na Mama Furaha akicheka jikoni, na kicheko kile kilinishibisha kuliko mayai.

Tulirudi Masisi watu watatu. Wakwe wengine wakiaga hupewa unga na bidoni la kasiksi. Mimi mama mkwe alinifungia samaki wakavu na uyoga ndani ya majani ya mgomba. "Ikiisha, tuma muntu," aliniambia, na kwa miaka yote aliyoishi hakuacha kunifungia.

Usidhani sukari ilishuka kwa sahani moja. Ilishuka polepole, ikapanda tena mwaka nilipojisahau kwenye harusi za watu, nikaanza upya. Sasa niko mzee hapa Lushebere, hukuhuku Masisi, shamba langu ni matuta ya lengalenga nyuma ya nyumba, na bado nakwenda kutobolewa kidole. Munganga wa sasa anaweza kuwa mjukuu wa yule wa kwanza, lakini sindano ni ileile. Ugonjwa wenyewe bado uko njiani. Nimeuacha huko huko.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiambiwa kwamba sukari imeanza kupanda, shukuru kwamba umeambiwa mapema, maana wengi huambiwa wakati mguu umekwisha kuoza. Punguza fufu, acha vinywaji vitamu na pombe, jaza mboga, tembea, rudi kupimwa. Hayo munganga atakueleza kuliko mimi. Langu ni hili: siku hiyohiyo mwambie mke wako, kisha mama yako, kisha kila atakayekuwekea sahani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kabla ya kifo chenyewe huumbuliwa na mayai ya njiani. Watu wetu wanapenda kwa kulisha. Usipowaeleza kwa nini hujala, utakuwa umewakataa wao. Ukiwaeleza, watahangaika wenyewe kukutafutia cha kula, hata kama itabidi watafune majani kando yako na uso uliokunjamana.

Na wewe uliye mwenye nyumba, mgeni akisema fufu hapana, usimsukumie. Muulize kwa upole, halafu vuta kiti.

Mungu akupe wakwe wenye ujasiri wa kukuuliza, na akupe ulimi wa kuwajibu. Damu yako itulie, miguu yako ikubebe mpaka uone watoto wa watoto wako, na usikose kamwe mtu wa kula naye nje, mbele ya nyumba, watu wakipita.